Nunua kwa kuhesabu mikono: mwongozo wa kununua vitu vinavyobeba ajira hapa nchini

Chupa ya mafuta ya kupikia inaweza kuwa na bendera ya Tanzania kwenye lebo na ndani yake mkawa na mafuta ya michikichi yaliyokuja kwa meli kutoka Malaysia au Indonesia, Dar es Salaam yakasafishwa na kufungashwa tu. Kitanda kilichochongwa Keko, mtaa wa maseremala Dar es Salaam, hakina lebo yoyote, lakini kimepita kwa mkata miti, mpasua mbao, dereva wa lori, fundi, mpiga vanishi na kijana wa mkokoteni, wote wakila mshahara wao hapa hapa. Anayenunua kwa kufuata bendera anamkosa huyu wa pili. Swali lenye faida dukani ni hili: kabla ya kunifikia, kitu hiki kimepita mikono mingapi ndani ya nchi?

Mwongozo huu umeandikwa kwa kaya ya Tanzania. Msomaji wa Kenya atautumia karibu wote, akibadilisha alama za ubora na majina ya masoko.

Anza na daftari, siyo na hamasa

Andika kila kitu ambacho nyumba yako imenunua kwa miezi mitatu, kisha gawa orodha mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo karibu vyote vinatengenezwa hapa hata usipofikiri: saruji, bia, soda, maji ya chupa, sembe. Hapo uamuzi wako haubadilishi kitu, endelea na maisha. Fungu la pili ni vitu ambavyo havina mbadala wa maana wa hapa: simu, friji, pikipiki. Hivyo navyo viache. Kujinyima simu hakumpi mtu kazi. Fungu la tatu ndilo la kufanyia kazi, maana cha hapa na cha nje vinakaa rafu moja na wewe ndiye unayechagua: mafuta ya kula, nguo, sare za shule, viatu, samani, sabuni, asali, juisi.

Katika fungu hilo la tatu chagua vitu viwili au vitatu kwa mwaka mzima, visizidi. Bidhaa ya hapa mara nyingi inadai muda: kumtafuta muuzaji, kujaribu, kuagiza mapema. Anayebadili kila kitu mwezi mmoja huchoka mwezi wa pili na kurudi alikotoka. Chagua vile ambavyo sehemu kubwa ya bei yake ni kazi ya mtu. Wanasiasa hupenda kulalamika kwamba hata vijiti vya meno tunaagiza, na makofi hupigwa, lakini kijiti cha meno hutoka kwenye mashine na kazi yake ni ya watu wachache. Suruali moja iliyoshonwa mtaani ina kazi zaidi ya katoni nzima ya vijiti.

Kusoma lebo bila kudanganyika

Watu wengi wanaangalia msimbo wa mistari na kuishia hapo. Tarakimu tatu za mwanzo, 620 kwa Tanzania na 616 kwa Kenya, zinaonyesha nchi ambako kampuni iliandikisha msimbo wake. Hazisemi kitu kilitengenezwa wapi. Kampuni ya Dar es Salaam inaweza kuingiza bidhaa kutoka China, ikaibandika 620, na haijavunja sheria yoyote. Upande wa pili, kabla ya GS1 Tanzania, shirika linalogawa misimbo hiyo, kuanza kazi mwaka 2011, viwanda vya hapa vilikuwa vikipata misimbo Kenya na Afrika Kusini, kwa hiyo 616 au 600 kwenye bidhaa ya zamani ya Tanzania si jambo la kushangaza. Msimbo uchukue kama dokezo tu.

Lililo na uzito zaidi ni kitenzi kilichotangulia jina la kampuni. "Imetengenezwa na" ni jambo moja. "Imefungashwa na" ni jingine kabisa: kazi iliyofanyika hapa inaweza kuwa kujaza tu na kubandika. "Imesambazwa na" ina maana stoo na lori, basi. Kwenye lebo za Kiingereza ni hivyo hivyo: Manufactured by, Packed by, Distributed by. Lebo isiyo na kitenzi, yenye jina na sanduku la posta peke yake, huwa inaficha kitu; muulize muuzaji.

Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inathibitisha ubora. Mjasiriamali mdogo asiye nayo si lazima awe tapeli, ila kwa chakula muulize amefikia wapi. Aliye makini atakuambia alipita SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, sampuli zikapelekwa TBS, na atakuonyesha karatasi. Anayejibu kwamba "hii ni asili haihitaji TBS" muache aende zake.

Mafuta ya kula

Hapa ndipo mfuko wa mama wa nyumbani unagusa ajira nyingi kuliko anavyodhani. Nchi haizalishi mafuta yote inayotumia, na pengo linazibwa na mawese ya nje. Upande wa alizeti, mnyororo wote uko Singida, Dodoma, Manyara, Simiyu na mikoa jirani: mkulima, dalali wa mbegu, wapakiaji, mwendesha mashine ya kukamua, muuza madumu, na mfugaji wa kuku anayenunua mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa. Kigoma nako wanakamua mawese ya hapa hapa na kupika sabuni. Mafuta ghafi yanayoletwa na meli yanaacha kazi pia, kwenye kiwanda cha kusafishia, lakini kiwanda kimoja cha mashine kubwa hakiajiri kama mashine ndogo nyingi zilizotapakaa wilayani.

Kwanza hakikisha unachonunua ni alizeti kweli. Mimina mafuta kwenye chupa nyeupe, yafike nusu, uiache ndani ya friji usiku mzima, siyo kwenye friza. Mafuta ya michikichi yataganda au kufanya mawingu meupe mazito. Alizeti itabaki majimaji. Iliyokamuliwa bila kusafishwa inaweza kuwa na ukungu mwepesi chini, ambao ni nta ya ganda la mbegu, wala haina tatizo. Iliyochanganywa inaganda nusu nusu. Anayeishi Makete au Njombe hahitaji friji mwezi wa saba: asubuhi atayaona yenyewe kwenye kabati.

Pili, jua unanunulia kazi gani. Mafuta ya mashine ndogo yana utomvu na unyevu, ndiyo maana yanatoa povu na kuruka yakiwa motoni. Kwa mchuzi, mboga na wali yanafaa sana, na ladha yake wengi wanaipenda. Kwa chipsi na maandazi hayafai; yatatoa moshi haraka na povu litafurika. Hapo nunua alizeti iliyosafishwa kiwandani. Watu wengi walioyakataa mafuta ya Singida waliyatumia kwenye karai la chipsi, wakasema ni mabaya.

Mafuta mapya yatulize siku tano hadi saba kwenye dumu lisilotikiswa, halafu mimina taratibu na uache sentimita tatu au nne za chini. Yahifadhi gizani. Jua ndilo adui mkubwa, kwa hiyo madumu yaliyopangwa barabarani kuanzia asubuhi, yaking'aa vizuri machoni pa abiria, ndiyo ya kukwepa. Mwambie muuzaji akutolee lililo ndani ya banda.

Sasa tuje kwenye jambo linalobadilisha ajira hasa, nalo ni muda. Alizeti inavunwa kuanzia Mei hadi Julai. Mwenye mashine ndogo hana mtaji wa kununua mbegu za kutosha kipindi hicho. Ananunua alichoweza, anakamua miezi michache, kisha mashine inalala na vijana wake wanaenda nyumbani. Mbegu nyingine inakuwa imeshachukuliwa na wafanyabiashara wakubwa. Kikundi cha kaya kinaweza kulitatua hili bila kungoja mtu.

Chukua kaya 20, kila moja ikihitaji lita 20 za kutumia nusu mwaka. Jumla ni lita 400. Mashine ndogo huhitaji takriban kilo 3 hadi 4 za mbegu kwa lita moja, kutegemea aina ya mbegu na uzima wa mashine. Kwa kilo 3.3, utahitaji kilo 1,320. Fanyeni hivi:

1. Mwezi wa tano, kubalianeni na mwenye mashine kwa maandishi: kiasi, bei ya mbegu siku hiyo, gharama ya kukamua kwa lita, na mashudu ni ya nani. Hili la mwisho ndilo linaloleta ugomvi. Kutoka kilo 1,320 mtapata karibu kilo 900 za mashudu, na hiyo ni pesa. Mahali pengi mwenye mashine huyachukua kama sehemu ya malipo. Kama ni hivyo, gharama ya kukamua ishuke.
2. Lipeni fedha ya mbegu wakati wa mavuno. Mbegu zipimwe mbele ya mjumbe wenu, ziwe kavu. Mbegu iliyokauka vizuri inavunjika kwa mlio ukiibana kwa kucha. Yenye unyevu inaota ukungu gunia zima.
3. Kamueni nusu mwezi wa saba na nusu mwezi wa kumi. Mbegu kavu inakaa vizuri kuliko mafuta, kwa hiyo hamna hasara, na mwenye mashine anakuwa na kazi wakati wenzake wamefunga.
4. Lipeni gharama ya kukamua kila mnapochukua mafuta, siyo yote mwanzoni.

Kinachokwama mara nyingi ni usafiri. Madumu 20 ya lita 10 kwa kila safari hayabebeki kwenye buti la basi bila mikwaruzano na kondakta. Tafuteni lori linalorudi tupu kutoka kanda hiyo, na kila dumu liandikwe jina.

Khanga, kitenge na sare

Pamba yetu inalimwa Simiyu, Shinyanga, Mwanza na mikoa inayozunguka, na sehemu kubwa ya marobota husafirishwa ikiwa nyuzi ghafi, haijasokotwa wala kufumwa. Kusokota, kufuma, kupaka rangi na kuchapa, yaani kazi zenye watu wengi, vinafanyika kwingine, halafu kitambaa kinarudi. Zamani ilikuwa tofauti. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na vile vya Mwanza na Musoma vililisha maelfu ya familia. Kuanguka kwa viwanda hivi kulikuwa na sababu nyingi: mashine zilizochakaa, umeme usiotabirika, uongozi mbovu, na mzigo wa nguo za nje na mitumba baada ya milango ya biashara kufunguliwa miaka ya 1980. Anayeibebesha mitumba lawama yote anaruka nusu ya habari.

Ukishika khanga, tazama kwa makini kando ya pindo, karibu na ukingo. Kuna herufi ndogo za chapa. Tofautisha jina la mfanyabiashara na jina la kiwanda. Mfano unaojulikana pwani nzima ni chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla ya Mombasa: ni jina la duka na mwenye michoro, na vitambaa vyake kwa miaka mingi vilichapwa ng'ambo. Khanga ya namna hiyo inabeba kazi ya mchoraji na muuzaji wa hapa, ambayo nayo ni kazi, ila haina kazi ya mfumaji. Unayotaka ni ile iliyoandikwa jina la kiwanda cha hapa. Muuzaji wa jumla Kariakoo anajua kila moja ilikotoka. Wa rejareja mara nyingi anakisia.

Kwa kitenge hatari kubwa ni poliesta inayouzwa kwa jina la pamba, ikiwa na maandishi makubwa ya sifa za Ulaya ukingoni. Chomoa nyuzi tatu au nne, zishike kwa koleo juu ya sinki, uziwashe. Pamba inaungua kwa mwali wa manjano, inanuka kama karatasi, na majivu yake ni laini ya kijivu. Poliesta inajikunja mbali na moto, inatoa moshi mweusi na kuacha kitufe kigumu. Kama muuzaji hakuruhusu kuchomoa nyuzi, sugua kitambaa kwa nguvu kati ya vidole juu ya nguo nyeusi. Kikimwaga unga mweupe, uzito ule unaousikia ni wa wanga, na ukifua mara moja utabaki na chandarua. Kipande cha yadi sita ni kama mita 5.5. Kiloweke kabla ya kumpelekea fundi, vinginevyo gauni litapungua baada ya kufuliwa na lawama atabeba yeye.

Sare za shule ndizo zenye nafasi kubwa kuliko zote, kwa sababu kila mzazi ananunua na kila mzazi ananunua wiki ile ile. Januari fundi cherehani anazidiwa, anachukua vibarua wasiojua kazi, mishono inafumuka, na wazazi wenye haraka wanakimbilia sare za kiwandani zilizoletwa kwa kontena. Februari fundi huyo huyo anakaa mlangoni akipiga miayo. Fundi mwenye kazi ya Januari peke yake hawezi kumlipa msaidizi. Mwenye oda zilizotawanyika anaweza kumfundisha kijana na kumbakiza.

Peleka oda kati ya katikati ya Oktoba na mwisho wa Novemba. Nunua kitambaa mwenyewe na uende nacho. Kwa mtoto wa miaka kumi, kitambaa cha upana wa mita 1.5, shati la mikono mifupi linachukua mita 1.25 hadi 1.5, kaptula mita 0.75 hadi 1. Sketi ya marinda mita 1.5. Tetroni yenye pamba ndani hukaa muda mrefu na haihitaji pasi sana. Tetroni tupu humtesa mtoto kwa joto, hasa Tanga na Dar es Salaam.

Mwambie fundi mambo haya kabla hajakata, maana baada ya mkasi hakuna mjadala:

- pindo la chini la sketi na kaptula liwe sentimita 6 hadi 8, lishushwe mtoto akirefuka;
- mshono wa nyuma wa kaptula uachiwe sentimita 2.5 kila upande, upanuliwe baadaye;
- mishono 10 hadi 12 kwa inchi; chini ya hapo itafumuka kwenye makalio;
- kona za mifuko zirudiwe mara tatu;
- ndani kote kupigwe overloki.

Lipa nusu, panga tarehe ya kuchukua isizidi 15 Desemba, na mtoto ajaribu pale pale dukani. Usilipe yote kwa sababu fundi ni jirani. Kumlipa jirani nusu na kumalizia siku ile ile anapokabidhi kunalinda ujirani kuliko ukarimu wa kulipa yote mapema.

Kuhusu mitumba, tuwe wakweli. Kwenye masoko ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, kuna watu wengi wanaoishi kwa biashara hiyo, wakiwemo wapiga pasi, wabebaji na mafundi wa kurekebisha. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwaondolea nafasi ya AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, iliendelea na msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru, wengine walilegeza. Katika kiwango cha nyumba yako, usinunue mtumba pale ambapo cha hapa kinashinda kwa ubora: mashuka, sare, nguo za mtoto mchanga, vitenge. Koti la baridi au jinzi ya mtumba nunua, kisha mpelekee fundi alipunguze vizuri. Ile pesa ya marekebisho inabaki mtaani yote.

Viatu

Tanzania ni kati ya nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, lakini ngozi nyingi hutupwa au kuuzwa kwa bei ya bure kwa sababu ya makovu ya chapa ya moto na matobo ya kisu cha mchinjaji. Viatu vya ngozi vya hapa vipo: vya kiwanda cha Karanga Moshi, na makubazi ya mafundi wa mitaani.

Hesabu kwa mwezi, siyo kwa jozi. Tuseme kiatu cha shule cha plastiki ni shilingi 15,000 na kinakufa baada ya miezi minne: ni 3,750 kwa mwezi. Cha ngozi ni 48,000, kimebadilishwa soli mara mbili kwa 6,000 kila mara, kikadumu miezi 20: ni 3,000 kwa mwezi, na fundi viatu amekula mara mbili. Hesabu hii inavunjika kwa mtoto mdogo ambaye mguu unakua kabla kiatu hakijachakaa. Huyo nunua cha ngozi tu kama kuna mdogo wake wa kurithi.

Kutambua ngozi: tazama ukingo uliokatwa, uone nyuzinyuzi, tone la maji huacha doa jeusi kisha likakauka. Ya bandia ina kitambaa chini na tone linateleza. Soli iwe imeshonwa, siyo kugundishwa peke yake. Iliyogundishwa inaachama msimu wa kwanza wa mvua.

Samani

Kabati la mbao za unga lililokuja limekunjwa kwenye boksi ni bei nafuu na linapendeza, mpaka liloe. Maji yakipanda sentimita mbili tu sakafuni, miguu inavimba na skrubu zinang'oka, na hakuna fundi anayeweza kuliokoa. La mbao halisi linarekebishika, na kila marekebisho ni kazi ya mtu.

Malalamiko juu ya mafundi seremala karibu yote yana chanzo kimoja: mteja anatoa pesa ya awali, fundi anaitumia kumalizia kazi ya mteja aliyepita, na kadhalika hadi mwisho wa mstari. Dawa ni rahisi. Usimpe pesa ya mbao. Nenda naye stoo, chagueni, lipa mwenyewe pale pale, mbao ziandikwe jina lako. Omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uangalie alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwenye magogo au mbao. Mbao za magendo zina bei nzuri na siku moja zitakukuta na maelezo ya kutoa.

Ubao uwe mkavu. Mbao ya inchi moja iliyopangwa kivulini yenye nafasi kati huhitaji miezi mitatu hadi sita. Fundi mwenye kipimo cha unyevu alenge asilimia 12 hadi 15. Bila kipimo, inyanyue na uigonge: mbichi ni nzito, baridi mkononi, na mlio wake umefifia. Kitanda cha mbao mbichi kinapinda ndani ya mwaka na kulia usiku.

Mninga na mkongo huigizwa kwa mkaratusi au paina iliyopakwa rangi. Kwa hiyo gawa malipo ya ufundi hivi: asilimia 40 anapoanza, 40 kitu kikishaunganishwa lakini kabla ya vanishi, 20 kikifika nyumbani. Ziara ya katikati ndiyo muhimu, kwa sababu vanishi inafunika dhambi zote. Geuza kitanda uangalie chini. Viungo viwe vya ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu la mbao nyingine, na gundi. Misumari peke yake haifai. Pima pembe hadi pembe kwa tepu pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, kitanda kimekwenda upande. Kwa kitanda cha tano kwa sita, chaga ziachane sentimita 7 au pungufu na kuwe na mguu wa katikati.

Ukiwa kwenye kamati

Mtu mmoja ananunua meza moja. Kamati ya shule, ya msikiti, ya kanisa au ya harusi inanunua mia, na hapo ndipo karakana inaamua kuajiri au kutoajiri. Taasisi za serikali zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Kamati binafsi haina sharti hilo, lakini inaweza kuiga.

Makosa mawili huwanyima mafundi wa hapa kazi kabla hata hawajaomba. La kwanza ni kunakili vipimo kutoka katalogi ya nje, mpaka aina ya bawaba. Andikeni matumizi: dawati la wanafunzi wawili, mbao ngumu kavu, urefu kadhaa, libebe uzito kadhaa. La pili ni kutoa zabuni moja ya madawati 200. Karakana ya watu watano haiwezi kuyatengeneza kwa mwezi, na aliyeshinda atakwenda kuagiza. Yagaweni mafungu manne ya 50, kila fungu na karakana yake, mkianza na dawati moja la mfano ambalo linabaki ofisini na mengine yote yanapimwa nalo.

Halafu lipeni ndani ya siku 30. Karakana ndogo haina akiba ya kungoja miezi mitatu. Ikicheleweshewa, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni yule msaidizi aliyeajiriwa kwa ajili ya madawati yenu, na oda ijayo ikija, fundi atakuwa peke yake na ataomba miezi miwili.